Bogoria au Mývatn: safari mbili za maji moto kwa mtu wa Mombasa

Mlamu wangu kastaafu bandarini. Kiinua mgongo hakijapoa, tayari kina wenyewe: paa la nyumba ya Likoni, harusi ya mpwa wangu, na sasa safari. Ijumaa iliyopita baada ya swala alikuja kwangu Kisauni, akakaa barazani, akanipa simu nitazame picha. Ilikuwa Goðafoss, maporomoko ya kaskazini mwa Iceland, yamepigwa picha wakati wa machweo.

"Wewe si ulifika hapa?"

"Nilifika."

"Basi nambie. Nimpeleke dada yako huku, au tuende Bogoria kama ulivyompeleka mama?"

Nilianza kumjibu kwa mdomo, kahawa ikaisha, jibu halijafika nusu. Kwa hivyo naliandika, maana najua si yeye peke yake Mombasa anayeuliza.

Kwanza nieleze nilifikaje, msije mkanidhania tajiri. Iceland niliiona kwa ubaharia. Misimu miwili ya kiangazi nilikuwa kwenye meli ya watalii iliyokuwa ikifunga gati Akureyri, mji mkubwa wa kaskazini, na baadhi yetu tulikuwa tukitolewa kusindikiza mabasi ya abiria, tumeshika kibao chenye namba ya basi kama walimu wa chekechea. Bonde la Ufa nilikwenda kwa pesa yangu, na mama, mke na watoto watatu. Kwa hivyo kule nilikula vya bure na huku nililipia kila chupa ya maji. Msomaji alikumbuke hilo anapopima maneno yangu.

Kwa nini zafanana

Sehemu hizi mbili ni ndugu wa baba mmoja. Iceland imekaa juu ya mstari ambapo bamba la ardhi la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana, kiasi cha sentimita mbili kwa mwaka. Bonde la Ufa nalo ni bara la Afrika likichanika, ila pole pole zaidi, milimita chache tu. Ardhi ikichanika, moto wa chini unakaribia juu, maji ya mvua yanazama, yanachemka, yanarudi. Ndiyo maana ukisimama Loburu kando ya Ziwa Bogoria au ukisimama Hverir karibu na Ziwa Mývatn, pua yako haitakwambia uko nchi gani. Harufu ni ile ile ya yai viza.

Na zote mbili ni kaskazini, kwa hesabu ya mtu wa Mombasa. Sisi tuko digrii nne kusini ya Ikweta. Ukitoka Nakuru kwenda Marigat unaivuka Ikweta hapo Mogotio, kuna kibao na watu wa kukuonyesha maji yakizunguka kwenye beseni (mazingaombwe matupu, lakini watoto walifurahi). Kule Iceland mstari wao ni mwingine: Duara la Aktiki linapita kisiwa cha Grímsey, nje kidogo ya ghuba ya Akureyri.

Maporomoko

Hapa sitapindisha maneno, Iceland inashinda.

Kwetu kuna Thomson's Falls ya Nyahururu, mto Ewaso Narok ukianguka mita 74. Goðafoss ni mita 12 tu, sawa na nyumba ya ghorofa nne. Ukizipanga Goðafoss sita moja juu ya nyingine ndipo unaifikia ya Nyahururu. Lakini urefu si kitu chenyewe. Goðafoss imepinda kama mwezi mchanga, maji ni ya samawati iliyochanganyika na maziwa, na unasogea karibu mpaka miwani inalowa. Ina kisa chake pia: yasemekana mwaka 1000 hivi, Iceland ilipoamua kuingia Ukristo, kiongozi mmoja aitwaye Þorgeir alirudi kwao akazitupa sanamu za miungu yake mtoni hapo. Jina lenyewe lina maana ya maporomoko ya mungu, au ya miungu.

Kisha kuna Dettifoss. Mita 44 kwenda chini, mita 100 upana, na kwa wastani mita za ujazo 193 za maji kila sekunde, yote kutoka kwenye barafu ya Vatnajökull. Maji si meupe wala si ya buluu. Ni ya kijivu, kama mtu amekoroga saruji, kwa sababu barafu husaga mawe na kushuka na unga wake. Kabla hujayaona unayasikia, na kabla hujayasikia vizuri unayahisi miguuni. Mimi nimezaliwa pwani, nimepita dhoruba za ghuba ya Biskaya, lakini pale nilirudi nyuma hatua tatu bila kuambiwa.

Nyahururu ni pazuri, mama alipapenda. Kuna njia ya ngazi ya kushuka hadi chini, inateleza, magoti ya mtu mzima hayatakushukuru. Mvua zikiwa haba mto unakonda ukawa uzi. Na juu pale kuna watu waliovalia ngozi na rangi wanaotaka mpige picha pamoja, mkubaliane bei kabla, si baada. Baridi yake pia si ya mchezo, mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari.

Maji moto

Hapa ndipo mlamu wangu anapokosea. Anadhani Iceland lazima ishinde kwa kuwa ni Iceland.

Hverir ni uwanja wa matope yanayochemka. Matundu ya kijivu yanapwita kama uji wa wimbi, na mirundo ya mawe inapuliza mvuke kwa kelele ya chungu cha presha kilichosahauliwa jikoni. Udongo ni wa manjano, mwekundu, mweupe. Umewekewa kamba na njia, na kamba hizo zina sababu: ukoko wa ardhi ni mwembamba na chini yake ni moto. Hapo karibu kuna Krafla, volkano iliyokuwa ikitema kwa vipindi kuanzia 1975 hadi 1984, na kando yake kituo cha umeme wa mvuke cha megawati 60. Kuna pango la Grjótagjá lenye maji ya samawati ndani ya mwamba, ambalo siku hizi hairuhusiwi kuoga. Kuogea kuna madimbwi yaliyotengenezwa kando ya Mývatn, unalipa, unaoga kwanza bila nguo bafuni pamoja na wanaume wenzako, halafu ndipo unaingia. Nawaambia mapema, maana wazee wetu wawili kwenye meli waligeuza mlangoni.

Bogoria hakuna shughuli hiyo ya bafuni. Ziwa ni la magadi, maji yake hayanyweki wala hayafugi samaki, na kingoni mwake chemchemi zinaruka juu, baadhi kupita urefu wa mtu. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya bahari, kwa hivyo maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, lakini yanatosha kuchemsha yai. Tulichemsha. Mwanangu wa pili aliliacha likapasuka, likawa chakula cha hakuna mtu. Nyuma ya mvuke kuna milima mikavu ya Laikipia, na mbele yake, siku ya bahati, heroe wamejaa ufukweni mpaka maji yanaonekana ya waridi.

Sasa tofauti yenyewe. Hverir pametunzwa: kuna kamba na vibao. Bogoria unaachwa na akili yako. Mtoto akikimbia mbele, hakuna kamba ya kumzuia, na watu wameshaungua pale. Mimi nilimshika mdogo mkono saa nzima na nikarudi bega linauma. Lakini kwa macho tu, kwa kule kusimama na kuona maji yakiruka na heroe wakitembea nyuma yake, Bogoria naiweka juu. Hverir unaona tope. Bogoria unaona tope, maji, ndege na tandala mkubwa akishuka mlimani jioni, akiwa na pembe zilizojipinda kama bisibisi.

Jambo moja la kusikitisha. Tangu kama 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na Bogoria imemeza sehemu ya chemchemi zake. Aliyekwenda miaka ya tisini atakusimulia kitu kikubwa kuliko utakachokiona. Bado panatosha.

Na ziwa lile lina wenyewe. Waendorois walitolewa pale miaka ya sabini ili iwe hifadhi, wakashtaki, na mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema walionewa. Ukikuta mzee wa Kiendorois langoni mchukue akuongoze. Wetu alituonyesha mahali ambapo wagonjwa wa ngozi huoga, na alijua jiwe lipi ni baridi na lipi si la kukanyaga, jambo ambalo kibao kisingetwambia.

Ukitaka kuoga kwa starehe upande wetu, shuka Naivasha. Olkaria, ndani ya eneo la Hell's Gate, kuna dimbwi la maji ya mvuke yanayotokana na visima vya umeme. Ndipo safari hizi mbili zinapokutana kwelikweli: Olkaria ilianza kutoa umeme mwaka 1981, ya kwanza kubwa Afrika, na wahandisi wengi wa Kenya wa jotoardhi walikwenda kusomea Iceland, kwenye mafunzo yaliyoanza 1979. Leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatoka kwenye mvuke huo. Taa ya barazani kwangu, tulipokuwa tukiongea, ilikuwa inawaka kwa Olkaria.

Hell's Gate unaweza kuizunguka kwa baiskeli kati ya punda milia na twiga, jambo ambalo mbuga nyingi haziruhusu. Ila korongo lake, msiingie mawingu yakiwa mazito hata kama juu yenu pana jua. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019.

Wanyama

Mtu wa Kenya hapandi ndege kwenda Iceland kutafuta wanyama wa nchi kavu. Aliyekuwepo kabla ya binadamu ni mmoja tu, mbweha wa Aktiki, na simba wao ni kondoo. Nakuru peke yake, kwenye mbuga iliyozungushiwa ua, utaona kifaru mweupe, twiga, nyati, na bahati ikiwepo simba, yote kati ya asubuhi na adhuhuri.

Lakini baharini hesabu inageuka. Húsavík, mwendo wa saa moja kutoka Akureyri, ndiko watu huenda kuona nyangumi, na biashara hiyo ilianza hapo mwaka 1995. Nilikwenda siku moja ya mapumziko, kwenye mashua ya mbao ya wavuvi iliyotengenezwa upya. Nyangumi mwenye nundu aliinua mkia mita chache kutoka ubavuni, akaenda zake. Baharia wa Mombasa nikapiga kelele kama mtoto.

Mlamu atasema, nyangumi si tunao Watamu? Tunao. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu, na kuna wanaowapeleka watu kuwaona. Ila wa kwetu wametoka bahari ya kusini kuja kuzaa, wako safarini, unawaona wakipita. Wa Húsavík wamekuja kula, na mwenye kula hukaa. Ndiyo maana kule uwezekano wa kuwaona kiangazi ni mkubwa sana, na huku ni majaliwa. Lakini Watamu ni matatu na mashua, si viza.

Ndege: Bogoria na Baringo kwa wingi na rangi, Mývatn kwa mabata, aina zaidi ya kumi hutotoa hapo. Kuna pia yule mdogo mweusi na mweupe mwenye mdomo wa rangi tatu, pafini, ambaye wageni wote wanamtaka. Anaondoka Agosti, kwa hivyo atakayekwenda Septemba asimlalamikie mtu.

Tukiwa Mývatn: jina hilo maana yake ni ziwa la usubi. Si utani. Hawaumi wote, lakini wanaingia puani, masikioni na ndani ya chai. Nunua wavu wa kichwa. Mtu aliyekulia na mbu wa Kisauni alidhani amemaliza.

Njia na karatasi

Bonde la Ufa: treni kutoka Miritini hadi Nairobi (tiketi ya kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa 2024), halafu gari. Naivasha, Nakuru, Nyahururu, kisha kushuka Marigat na Bogoria. Siku tano bila kukimbizana, sita ni bora. Hell's Gate na Nakuru unalipia kwa eCitizen, mtandao wa serikali, kabla ya kufika, Bogoria ni ya kaunti ya Baringo na unalipa langoni. Kabla ya kuingia Baringo ulizia hali ya usalama, maana kuna sehemu za kaunti ile zimekuwa na wizi wa mifugo na bunduki. Barabara ya Nakuru hadi Marigat tulipita salama, tukalala, tukarudi.

Iceland: hapo ndipo viza inapokuwa na maana mbili, ile ya yai na ile ya ubalozini. Pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ukikataliwa ada hairudi. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya, utabadilisha Ulaya mara moja au mbili. Ukipitia London utahitaji kibali cha Uingereza pia, hata kama hutoki uwanjani, kwa hivyo pitia kwingine. Unashukia uwanja wa Keflavík. Kutoka hapo Akureyri ni zaidi ya kilomita 400 kwa gari, au unakwenda Reykjavík, mji mkuu, kupanda ndege ndogo ya kama dakika 45. Mimi nilikuwa nimeingia kwa meli na karatasi zangu zilishughulikiwa na wengine. Mlamu atazifuatilia mwenyewe.

Gari la kukodi ni lazima kule, labda ujiunge na mabasi ya watalii. Wanaendesha upande wa kulia. Kutoka nje ya barabara ni kosa la sheria, hata kama nyasi zinakuita. Kwa Dettifoss tumia barabara ya magharibi, ile ya mashariki ni ya kokoto. Kuingia kwenye maporomoko hakuna tiketi, unalipia maegesho tu sehemu nyingi, na hapo ndipo unafuu unapoishia. Chakula na kulala ni ghali kiasi cha kumfanya mtu apige hesabu kwa shilingi halafu ajute kupiga.

Jua, swala, chakula

Mwisho wa Juni Akureyri jua linazama karibu saa saba usiku na kuchomoza muda mfupi baadaye. Giza halifiki. Ni raha kwa kutembea, ni mtihani kwa Magharibi, Isha na Alfajiri zilizokaribiana mpaka hujui ipi ni ipi. Mwenye msimamo wake aulize sheikh wake kabla ya kusafiri. Desemba ni kinyume, jua linaonekana kama saa tatu tu kwa siku, lakini ndio msimu wa mianga ya kijani angani. Barabara nazo hujaa barafu, na mimi simshauri dereva wa Mombasa ajifunze barafu huko.

Chakula: samaki wa Iceland ni wazuri, na Mývatn wanaoka mkate mweusi ardhini kwa joto la mvuke, mtamu mtamu. Soseji zao maarufu zimechanganywa na nguruwe, usidanganywe na harufu ya kondoo. Marigat utakula tilapia wa Baringo na ugali, na hakuna atakayekuuliza kitu.

Sasa, mlamu

Kama ni wewe, dada na watoto wote wawili: Bonde la Ufa, mwezi wa kwanza au wa pili, mkae siku mbili Bogoria badala ya moja. Msilipe pesa ya watu wanne ili mtoto wa miaka tisa akaone tope.

Kama ni wewe na dada tu, na paa la Likoni limeshapigwa: Iceland, wiki ya mwisho ya Juni, siku nane. Mbili Akureyri, tatu Mývatn na Dettifoss, moja Húsavík, zilizobaki ni za njia. Anza maombi ya viza miezi minne kabla. Msiende Reykjavík kupoteza siku, mji ni mji, na nchi nzima haina watu nusu ya Kaunti ya Mombasa.

Kama pesa inatosha moja na moyo unataka mbili, nenda Bogoria kwanza. Aliyeona Iceland kwanza hufika Loburu akalalamika hakuna kamba.

Dada alisoma haya kabla ya mumewe. Alichouliza ni kimoja: hiyo baridi ya Juni ni kiasi gani? Nikamwambia mchana mzuri ni digrii kumi na kitu, na upepo juu yake. Akanyamaza, akaniuliza koti langu la melini liko wapi. Liko kwa mama, ndani ya sanduku la bati, lina zipu mbovu na harufu ya naftalini. Kalichukua Jumapili. Mlamu bado hajajua.